Barley wine: bia nzito ya Uingereza na jinsi waamuzi wanavyoipima

Bia iitwayo barley wine, maana yake mvinyo wa shayiri, ni miongoni mwa bia kali zaidi zinazopikwa kwa desturi nchini Uingereza. Kiwango chake cha alkoholi huwa baina ya asilimia 8 na 12, ilhali bia nyingi zinazouzwa madukani katika Afrika Mashariki na Kati zina takriban asilimia 5. Rangi yake huanzia kaharabu iliyokolea hadi kahawia ya giza. Mwili wake ni mzito, na tofauti na bia nyingi, haiharibiki upesi kwa kukaa. Ikitunzwa vizuri huendelea kubadilika ladha kwa miaka mingi.

Kwa sababu hizo, kuihukumu si kazi nyepesi. Mwamuzi anayewekewa mezani glasi ndogo ya bia hii anatakiwa kutenganisha utamu uliokusudiwa na utamu uliobaki kwa kuwa hamira ilichoka kabla ya wakati. Anatakiwa kupambanua joto la kileo linalotulia kifuani na ukali unaounguza koo, na harufu ya uzee iliyo sifa na harufu ya uzee iliyo kasoro. Hukumu yake ina uzito kwa mpishi. Mkupuo mmoja wa bia hii hula kimea karibu maradufu ya mkupuo wa bia ya kawaida na hushikilia chombo kwa miezi, wakati ambapo chombo hicho kingeweza kutoa bia nyepesi mara kadhaa.

Jina la kale, bia ya juzi

Maneno mvinyo wa shayiri ni ya kale kuliko bia yenyewe. Mwandishi na askari wa Ugiriki, Xenophon, akisimulia safari ya jeshi lililokuwa likirudi kwao kupitia nyanda za juu za Armenia takriban miaka 400 kabla ya Kristo, alieleza kinywaji cha shayiri walichokikuta katika vyombo vikubwa vya wenyeji. Punje za shayiri zilikuwa zikielea juu yake, na wanywaji walikifyonza kwa mianzi isiyo na vifundo. Aliandika kuwa kilikuwa kikali mno kisipozimuliwa kwa maji, na kwamba kilimpendeza aliyekwisha kukizoea.

Maelezo hayo hayatakuwa mageni kwa wakazi wa nchi za Maziwa Makuu. Pombe ya mtama nchini Burundi na Rwanda, na ile ya ulezi inayonywewa na Wateso wa mashariki mwa Uganda, hufyonzwa kwa mirija kutoka chombo kimoja hadi leo. Hata hivyo kinywaji cha Armenia hakikuwa bia ya Uingereza ya leo. Kilichofanana ni jina tu, pamoja na wazo kwamba nafaka inaweza kutoa kinywaji chenye nguvu ya mvinyo.

Huko Uingereza kwenyewe, bia kali za kuwekwa zilipikwa kwa muda mrefu katika majumba ya matajiri wa mashambani. Katika karne ya 18 bia hizo zilipikwa hasa mwezi Oktoba, baada ya mavuno na kabla ya baridi kali. Ilikuwepo pia desturi ya kupika bia mrithi anapozaliwa na kuiacha ndani ya pipa hadi siku anayotimiza miaka 21.

Viwanda vikubwa vilichukua sanaa hiyo katika karne ya 19. Mji wa Burton upon Trent, katikati ya Uingereza, ulijulikana duniani kwa bia zake, na kampuni ya Bass ya mji huo ilikuwa na bia yake kali kuliko zote iliyoitwa No. 1. Bia hiyo ndiyo iliyolieneza jina barley wine madukani. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipunguza nguvu za bia nyingi nchini humo kwa sababu nafaka ilihitajika kwa chakula, na bia nyingi hazikurudi kamwe katika nguvu zake za awali.

Mwaka 1968, kampuni ya Eldridge Pope ya mji wa Dorchester ilitoa bia iliyoitwa Thomas Hardy's Ale, kwa kumbukumbu ya miaka 40 tangu kufariki kwa mwandishi Thomas Hardy, ambaye katika riwaya yake moja aliisifu bia kali ya mji huo. Kila chupa iliandikwa mwaka wa kupikwa, jambo lililokuwa la kawaida kwa mvinyo lakini si kwa bia. Wanunuzi walianza kuweka chupa za miaka mbalimbali na kuzionja kwa pamoja ili kulinganisha. Kampuni ya J.W. Lees ya Manchester ilifuata njia hiyo mwaka 1986 kwa bia yake Harvest Ale, inayopikwa mara moja kwa mwaka.

Marekani iliipokea aina hii katika miaka ya 1970. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilitoa Old Foghorn mwaka 1975, na mwaka 1983 kampuni ya Sierra Nevada ya mji wa Chico, California, ikatoa Bigfoot, yenye alkoholi ya asilimia 9.6. Wamarekani waliongeza maua ya hopsi kwa wingi, hasa aina zinazotoa harufu ya balungi na utomvu wa msonobari. Tangu hapo aina hii ina matawi mawili, la Kiingereza na la Kimarekani, na mwamuzi ni lazima ajue ni lipi lililowekwa mbele yake.

Nguvu yake inatoka wapi

Bia yoyote huanza kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kimea husagwa na kulowekwa katika maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na hopsi ili yapate uchungu, hupozwa, kisha hutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi na gesi.

Ili kupata bia kali, ni lazima maji hayo yawe na sukari nyingi tangu mwanzo. Wapishi hulipima jambo hili kwa uzito. Lita moja ya maji safi ina gramu 1,000. Lita moja ya maji ya kimea kwa bia ya kawaida ina gramu 1,040 hadi 1,050 hivi. Kwa barley wine, lita hiyo hufikia gramu 1,080 hadi 1,120. Hamira ikishamaliza kazi yake, uzito hushuka hadi gramu 1,018 na 1,030. Kiasi hicho kinachobaki juu ya uzito wa maji ndicho kinachoipa bia hii mwili mzito na utamu wake.

Desturi ya zamani ya Uingereza ilikuwa kukamua kimea kilekile zaidi ya mara moja, kama mpishi wa pwani anavyokamua nazi. Maji ya kwanza, yaliyo mazito kama kasimile, yalipikwa yawe bia kali. Maji yaliyofuata yakawa bia ya kawaida, na ya mwisho yakawa bia nyepesi ya kila siku. Baadhi ya viwanda vinaendelea kufanya hivyo.

Maji mazito huchemshwa kwa saa kadhaa. Katika kuchemka huko maji hupungua, sukari hukolea, rangi hugeuka kuwa ya giza, na ladha za karameli na sukari guru hujitokeza. Hiyo ndiyo sababu bia hii inaweza kuwa na rangi ya kahawia nzito hata pale ambapo kimea chake kikuu ni cheupe. Mpishi akitumia kimea kingi kilichochomwa hadi kuwa cheusi, bia huanza kuelekea kwenye ladha ya kahawa chungu, na hapo inatoka katika aina hii na kuingia katika aina nyingine.

Kazi ngumu zaidi ni ya hamira. Mwanzoni huelemewa na wingi wa sukari, na mwishoni hudhoofishwa na alkoholi iliyoitoa yenyewe. Hamira ikiwa chache au dhaifu, husimama katikati ya kazi na kuacha bia yenye utamu wa kukinaisha. Ikichachuka katika joto lililozidi, hutoa alkoholi nzito zenye ukali wa kuunguza. Kasoro nyingi ambazo mwamuzi hukutana nazo katika glasi zina asili yake katika siku hizo chache za kwanza.

Kanuni na alama

Mfumo unaotumika zaidi katika mashindano ya wapishi wa nyumbani ni wa BJCP, chombo kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985 kwa ajili ya kufundisha na kutahini waamuzi wa bia. Mwongozo wake hueleza kila aina ya bia: rangi, harufu, ladha, uzito na kiwango cha alkoholi. Barley wine ya Kiingereza na ile ya Kimarekani zimo katika makundi mawili tofauti. Kiwango cha alkoholi ni kilekile, asilimia 8 hadi 12, lakini uchungu hutofautiana. Kwa vipimo vya kimataifa vya uchungu wa bia, ya Kiingereza huwa na vizio 35 hadi 70, na ya Kimarekani 50 hadi 100.

Karatasi ya mwamuzi ina alama 50. Harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na tathmini ya jumla 10. Bia inayopata alama 45 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kipekee. 38 hadi 44 ni bora. 30 hadi 37 ni nzuri sana. 21 hadi 29 ni nzuri. Chini ya alama 14, bia ina kasoro kubwa zinazoizuia kunyweka.

Mgawanyo huo una somo ndani yake. Mwonekano, ambao ndio humvutia mnunuzi dukani, umepewa alama 3 tu. Ladha na harufu kwa pamoja zina alama 32 kati ya 50. Bia yenye rangi ya kupendeza na povu zuri haiwezi kujificha nyuma ya sura yake.

Mwamuzi haelezwi nani aliyepika bia iliyo mbele yake. Anachopewa ni namba ya glasi na aina ya bia inayodaiwa kuwamo. Waamuzi wawili au zaidi huonja kwa ukimya, kila mmoja akaandika alama zake, na ndipo wanapozungumza. Wakitofautiana sana, kwa kawaida kwa zaidi ya alama 7, huonja tena na kuelezana walichokiona hadi wakaribiane. Ukimya wa mwanzo una sababu: mtu mmoja akisema kwa sauti kwamba anasikia harufu ya siagi, mezani pote huanza kusikika harufu ya siagi, iwepo au isiwepo.

Kanuni kuu ni kwamba mwamuzi hapimi bia anayoipenda. Anapima iwapo bia iliyoletwa inalingana na aina iliyotajwa, na iwapo imepikwa kwa ustadi. Harufu ya ndizi mbivu ni mfano mzuri. Kwa mnywaji wa mbege ya Kilimanjaro au wa pombe ya ndizi ya Burundi, harufu hiyo ni ya nyumbani. Katika bia za ngano za kusini mwa Ujerumani nayo hutarajiwa na kusifiwa. Lakini ikitawala katika barley wine ya Kiingereza, mwamuzi hupunguza alama, kwa kuwa ni dalili kwamba hamira haikwenda ilivyotakiwa.

Hatua za kuonja

Maandalizi huanza kabla ya chupa kufunguliwa. Mwamuzi hajipaki manukato, havuti sigara, wala hali chakula chenye viungo vikali kabla ya kazi. Mezani huwekwa maji na mkate mkavu wa kusafishia kinywa. Bia kali hupangwa mwishoni mwa zamu, kwa sababu ulimi uliokwisha kuonja barley wine hauwezi tena kuitendea haki bia nyepesi.

Bia hii haionjwi ikiwa baridi sana. Baridi huua harufu na kuficha kasoro. Nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi ndizo zinazofaa, na mara nyingi mwamuzi huishika glasi kwa viganja viwili ili ipate joto kidogo kidogo. Glasi inayofaa ni yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike juu. Hutiwa kiasi kidogo, vidole viwili au vitatu kutoka chini.

Pua huanza kazi mara bia inapomiminwa, kwa kuwa baadhi ya harufu hutoweka ndani ya dakika moja. Mwamuzi hunusa mara fupi fupi, huipumzisha pua, kisha huzungusha glasi na kunusa tena. Katika bia ya Kiingereza iliyopikwa vizuri hutarajia harufu nzito ya kimea: mkate uliookwa, karameli, sukari guru, na nyuma yake matunda yaliyokaushwa kama zabibu, tende na tini. Harufu ya alkoholi inaruhusiwa, mradi iwe laini. Ikichoma pua kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ni kosa.

Kisha huja macho. Glasi huinuliwa kwenye mwanga. Rangi ya kahawia yenye miale myekundu ni ya kawaida. Povu huwa dogo na hutoweka mapema, kwa sababu alkoholi nyingi hulidhoofisha, na mwamuzi hapunguzi alama kwa hilo. Bia ikizungushwa, huacha michirizi inayoteremka polepole ukutani mwa glasi, dalili ya alkoholi na uzito wake.

Tendo la tatu ni kuonja. Funda dogo huzungushwa kinywani kote kabla ya kumezwa. Mwamuzi hufuatilia mambo kwa utaratibu wake: kinachotangulia, kinachokaa katikati, na kinachobaki baada ya kumeza. Utamu wa kimea hutangulia. Uchungu wa hopsi hufuata kuja kuuzuia utamu usikinaishe. Alkoholi huja mwisho, kama joto linaloshuka taratibu kifuani. Mwamuzi wa bia hatemi kama afanyavyo mwonjaji wa mvinyo. Humeza kidogo, kwa kuwa uchungu wa bia na ladha inayobaki huonekana vizuri zaidi baada ya kumeza.

Mwisho ni hisia ya kinywani, ambayo si ladha. Hapa hupimwa uzito wa bia juu ya ulimi, gesi yake, ulaini wake na ukakasi. Barley wine njema hujaza kinywa kama uji mwepesi, lakini hainati. Ukakasi, ile hali ya kinywa kukauka kama aliyekula ndizi mbichi, ukiwa kidogo huweza kuleta uwiano. Ukizidi, huonyesha kuwa kimea kilikamuliwa kupita kiasi au kwa maji ya moto mno.

Uzee: sifa au kasoro

Swali linalowagawa waamuzi zaidi katika aina hii ni la umri. Hewa ni adui wa bia. Bia nyepesi iliyoingiwa na oksijeni hutoa harufu ya boksi la karatasi lililolowa, na hakuna anayeitetea. Lakini katika bia nzito, oksijeni ikiingia kidogo sana kwa miaka mingi, huzaa harufu nyingine: lozi, ngozi, matunda makavu, na ile inayofanana na mvinyo wa sherry wa Uhispania au wa port wa Ureno. Harufu hizo ndizo wanunuzi wa Thomas Hardy's Ale walizozisubiri.

Mambo hayo mawili hutokana na chanzo kimoja, na mara nyingine hupatikana katika glasi moja. Mwamuzi hulazimika kuuliza kipi kinachotawala. Iwapo lozi na zabibu zipo mbele, na mwili wa bia ungali mzima, uzee umeipamba. Iwapo karatasi iliyolowa ndiyo inayobaki kinywani, au bia imekuwa nyembamba na kuanza kunuka sosi ya soya kwa kuwa hamira iliyokufa imeoza chini ya chupa, umri haupaswi kutumiwa kama udhuru.

Umri pia haubadilishi vitu vyote kwa mwendo mmoja. Harufu ya hopsi hupungua mapema, kisha uchungu hulegea, na utamu wa kimea hubaki peke yake. Kwa hiyo bia ya Kimarekani inayosifiwa kwa ukali wa hopsi inapokuwa changa, baada ya miaka mitano huweza kufanana zaidi na ile ya Kiingereza. Mpishi anayeipeleka mashindanoni huwa na hesabu ya kufanya: bia ileile iliyostahili kundi moja mwaka huu inaweza kustahili kundi jingine miaka michache baadaye.

Chupa za kuwekwa husimamishwa wima mahali penye giza na ubaridi usiobadilika. Mwanga huiharibu bia haraka, hasa iliyo katika chupa nyeupe au ya kijani, na joto huharakisha uzee mbaya. Katika miji yenye joto kama Bujumbura au Dar es Salaam, chupa iliyoachwa kwenye rafu ya kawaida haiwezi kutarajiwa kuzeeka kama iliyo katika ghala la chini ya ardhi huko Uingereza.

Kiasi na tahadhari

Ukali wa bia hii hufichwa na utamu wake, na hapo ndipo penye hatari. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 10 ina mililita 33 za alkoholi tupu, takriban gramu 26. Hicho ni kiasi kilichomo katika chupa mbili za ukubwa huohuo za bia ya asilimia 5. Anayeinywa kwa kasi ya bia ya kawaida hulewa kabla ya kujitambua, na hastahili kushika usukani baada ya hapo. Waamuzi wenyewe hupewa idadi ndogo ya glasi kwa zamu, kwa kuwa mwamuzi aliyelewa huwadhulumu waliokuwa wa mwisho kuletwa mezani.

Serikali ya Uingereza pia huitazama bia hii kwa jicho la pekee. Tangu Agosti 2023, kodi ya vileo nchini humo hukokotolewa kwa kiasi cha alkoholi kilichomo, na bia inayozidi asilimia 8.5 huingia katika daraja la juu zaidi kuliko bia za kawaida. Kwa viwanda vidogo, kodi hiyo ikijumlishwa na gharama za kimea na muda wa kungojea hupunguza hamu ya kuipika. Kiwanda cha Anchor, kilichoifungulia aina hii mlango nchini Marekani, kilisitisha shughuli zake mwaka huohuo wa 2023 kutokana na matatizo ya biashara.

Maneno ya nani

Msamiati wa waamuzi umejengwa juu ya vyakula vya Uingereza na Marekani. Huandika keki ya Krismasi, molasi, pipi za siagi, ngozi ya kiti cha kale. Mtu aliyekulia Ngozi, Kigoma au Mombasa hana vitu hivyo katika kumbukumbu ya ulimi wake, lakini ana vingine vinavyoeleza jambo lilelile. Sukari guru ina ladha iliyo karibu sana na molasi. Tende zilizoiva, asali nyeusi ya msituni, kashata iliyoungua kidogo na mkate wa kumimina uliokaukia pembeni vyote vinaweza kutaja kwa usahihi kilichomo ndani ya glasi.

Jambo hili si la bia peke yake, na halihusu wanaokunywa tu. Wakulima wa kahawa wa nchi za Maziwa Makuu wanalijua vizuri. Rwanda iliandaa shindano la kahawa la Cup of Excellence mwaka 2008, ikiwa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Huko nako waamuzi huonja bila kujua kahawa ni ya nani, hutoa alama, na kahawa zinazoshinda hupigwa mnada kupitia intaneti. Neno moja katika maelezo ya mwonjaji, ua au tunda fulani, huenda na bei. Mkulima wa Kayanza asiyelijua tunda hilo hana njia ya kulipinga wala ya kulitafuta tena katika mavuno yajayo.

Ndiyo maana karatasi ya mwamuzi wa bia humtaka, pamoja na alama, aandike alichokisikia na alichomshauri mpishi. Alama 31 pekee haimwelezi mpishi kama hamira ilikuwa chache, kama bia ilichachuka katika joto kali, au kama ingefaa ingojwe mwaka mmoja zaidi. Waamuzi wawili wakiandika mmoja tende na mwingine zabibu kavu, mpishi atawaelewa wote wawili. Asiyemsaidia ni yule anayeandika kwamba bia ni tamu, akasaini, na kupokea glasi inayofuata.